Vijiji vitatu, malisho ya pamoja: mwongozo kamili wa kuandaa mpango wa pamoja wa matumizi ya ardhi

Kijiji cha nyanda kame kinapopanga ardhi yake peke yake, mara nyingi kinapanga kitu ambacho nusu yake iko kwa jirani. Kisima cha kiangazi kipo ng'ambo ya korongo, magadi ya mifugo yapo kijiji cha tatu, na njia ya kwenda mnadani inakatiza mashamba ya watu wasiohudhuria mkutano wako. Mpango unapitishwa kwa makofi, kisha kiangazi kinakuja na kila mtu anaswaga ng'ombe kama zamani.

Kwa sababu hiyo sheria za Tanzania zinaruhusu vijiji jirani kupanga pamoja. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 kinazipa halmashauri za vijiji nafasi ya kuingia makubaliano juu ya ardhi ambayo kundi la watu limezoea kuitumia, huku sehemu ikiwa kijiji kimoja na sehemu kingine. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007 inaeleza nani ni mamlaka ya upangaji na mpango unapitia mikono gani. Wilayani Kiteto, mkoani Manyara, vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa vilipita njia hii vikaunganisha malisho, na vipande vya majina yao vikazaa jina moja: OLENGAPA.

Mwongozo wa Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi una hatua sita: maandalizi, tathmini shirikishi, uchoraji wa matumizi yaliyopo, upangaji wenyewe, utawala wa ardhi, yaani hati na masjala, na usimamizi wa kila siku. Tunazifuata hapa, ila si kwa uzito sawa. Ramani ya rangi ndiyo wageni huonyeshwa ofisini. Kinachoubeba mpango ni mihutasari ya mikutano na mawe ya mpakani, na hapo ndipo wengi hubana muda na fedha.

Makabrasha kabla ya safari

Kabla timu ya wilaya haijapanda gari, kusanya kwa kila kijiji cheti cha ardhi ya kijiji, ramani ya upimaji wa mipaka iliyosajiliwa, orodha ya vitongoji na idadi ya kaya, na mpango wa zamani wa matumizi ya ardhi kama upo. Kagua tarehe ya cheti. Kijiji kikigawanywa, mara nyingi cheti kinabaki na mipaka ya kijiji mama, na kijiji kipya kinajiona kina ardhi ambayo kwenye karatasi bado ni ya mwingine. Ukikuta hali hiyo usianze kupanga. Rudisha suala kwa afisa ardhi wa wilaya lirekebishwe kwanza, hata kama miezi itapita.

Kagua pia kama kuna hifadhi ya msitu, pori la akiba au hifadhi nyingine inayogusa eneo. Ardhi ya Tanzania iko makundi matatu: ya jumla, ya hifadhi na ya vijiji. Mkutano mkuu wa kijiji hauna mamlaka juu ya ardhi ya hifadhi, hata kama wazee wamechunga humo tangu enzi. Chukua tangazo la Gazeti la Serikali lililoanzisha hifadhi, soma maelezo ya mipaka mstari kwa mstari, yachore juu ya ramani ya kijiji. Mwingiliano ukionekana, andika barua mapema kwa mamlaka ya hifadhi husika. Barua hiyo ni bora kuliko aibu ya kufuta nusu ya malisho baadaye.

Timu ya wilaya inatosha ikiwa na watu sita hadi wanane: mpangaji, mpima, afisa ardhi, afisa mifugo, afisa kilimo, afisa maliasili, afisa maendeleo ya jamii, na mtu wa maji. Mtu wa maji huachwa nyuma mara nyingi kwa hoja ya posho. Kwenye nyanda kame huyo angetangulia.

Vijiji vikiwa wilaya mbili tofauti, halmashauri zote mbili zihusike tangu barua ya kwanza, na Sekretarieti ya Mkoa iwe mwita mikutano. Mikoa miwili ikihusika, Tume ya Taifa iingie mapema. Wilaya moja isiipangie nyingine hata kwa nia njema.

Mpaka, jiwe kwa jiwe

Watu hudhani kwa kuwa malisho yatakuwa ya pamoja, mpaka kati ya vijiji hauna haja tena. Ni kinyume. Kijiji kinachohofia kumezwa hakitasaini kitu. Mpaka ukiwa wazi, ushirika unakuwa mkataba kati ya wenye mali wawili.

Tembeeni mpaka mkiwa na wazee watatu hadi watano kutoka kila upande, watendaji wote wawili, na mpima. Kila kona iandikiwe maelezo ambayo mtoto wa shule angeweza kuyafuata: "mbuyu wenye shimo upande wa magharibi, hatua 40 kutoka korongo". Mti unaweza kukatwa, kwa hiyo chukua pia namba za mahali hapo kwa kifaa cha GPS, kisha usimike jiwe. GPS ya mkononi inakosea mita tatu hadi tano hata siku njema. Inafaa kwa uchoraji wa matumizi, si kwa mpaka wa kijiji. Mpaka unataka mpima na GPS ya upimaji inayotumia kituo cha rejea.

Kosa linaloleta vita vya bure liko ndani ya mpangilio wa kifaa. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zimechorwa kwa mfumo wa kupimia mahali uitwao Arc 1960, na vifaa vipya hutoka kiwandani vikiwa kwenye mfumo mwingine, WGS84. Nambari zile zile zikisomwa kwenye mfumo usio wake, alama inahama karibu mita 300. Mita 300 kwenye malisho ni kisima cha mtu. Kagua pia kanda ya ramani (UTM): mashariki ya longitudo 36 ni kanda ya 37 Kusini, magharibi yake ni 36 Kusini. Dodoma mjini iko 36, Kiteto iko 37. Vijiji vinavyokaa juu ya mstari huo vichorwe vyote kwenye kanda moja, na iandikwe kwenye kona ya ramani ni ipi.

Mzee mmoja akikataa alama moja, usisimamishe msafara. Iandikwe kuwa ina mgogoro, endeleeni, mrudi jioni. Alama mbili zenye ubishi kati ya thelathini ni kazi ya msuluhishi, na sheria imempa nafasi. Ubishi ukiwa kwenye nusu ya alama, tatizo si mpaka. Kuna jambo jingine ambalo hamjaambiwa.

Kamati

Kila kijiji kinaunda kamati yake ya usimamizi wa matumizi ya ardhi, wanaume kwa wanawake, kisha kila kamati inatoa wajumbe kwenye kamati ya pamoja. Idadi iwe sawa kwa kila kijiji bila kujali ukubwa. Kijiji kikubwa kikipewa wajumbe wengi, kidogo kitahesabu kura badala ya kupanga. Wafugaji, wakulima, wawindaji-wakusanyaji kama wapo, na vijana wanaochunga wenyewe wawemo. Mwenyekiti wa kijiji anajua siasa ya malisho. Kijana wa miaka 17 anayelala ronjo, kambi ya muda ya wachungaji, ndiye anayejua maji yako wapi mwezi wa Oktoba.

Usiichanganye kamati hii na Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye watu saba ambao watatu ni wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Anayepanga asiwe ndiye anayesuluhisha mgogoro wa alichokipanga.

Kuchora matumizi yaliyopo

Panga siku 10 hadi 14 kwa kijiji. Anza na mchoro wa chini, mbele ya ofisi ya kijiji, kwa majivu na vijiti. Wanawake wachore wa kwao peke yao. Mara nyingi mchoro wao unaonyesha vyanzo vya maji na sehemu za kuni ambazo wa wanaume haukuzitaja. Kisha kalenda ya mwaka: mwezi gani mifugo iko wapi, nani anahamia, wageni wanaingia lini, shamba linavunwa lini na mabua yanaachiwa mifugo lini. Malisho ya masika na malisho ya kiangazi ni vitu viwili. Yakipakwa rangi moja kwenye ramani, mpango umekosewa tayari.

Baada ya hapo mpima anazunguka na wanakamati kuchukua alama: visima, malambo, majosho, njia za mifugo, mashamba, makazi, alalili (malisho yaliyotengwa kwa ndama), misitu, maeneo ya matambiko. Mahali pa tambiko kama wazee hawataki paonekane, paandikwe tu "eneo la kijiji".

Hesabu za malisho na maji

Sehemu hii huandikwa kwa makadirio ya kupapasa, na baadaye ndiyo inayouangusha mpango. Kalamu na mzani wa jikoni vinatosha.

Badili mifugo yote kuwa uniti ya mifugo, yaani mnyama wa kilo 250. Ng'ombe mmoja huhesabiwa 0.7, mbuzi au kondoo 0.1, punda 0.5, ngamia 1. Tuseme vijiji vitatu vina ng'ombe 6,000, mbuzi na kondoo 8,000, punda 400. Hapo ni 4,200 na 800 na 200: uniti 5,200. Usichukue idadi kutoka kwenye taarifa ya miaka mitatu iliyopita. Nenda kwenye josho na kwenye chanjo, uhesabu upya. Watu huficha ng'ombe mbele ya karatasi, hawawafichi mbele ya dawa ya kupe.

Uniti moja hula takriban asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku, nyasi kavu: kilo 6.25, sawa na kilo 2,280 hivi kwa mwaka.

Sasa nyasi. Mwishoni mwa masika tengeneza fremu ya mti ya mita moja kwa mita moja. Itupe bila kuchagua mahali, mara 20 kwenye kila aina ya malisho. Kata nyasi zote zinazoliwa ndani ya fremu, anika mpaka zikauke kabisa, pima. Wastani wa gramu 100 kwa fremu ni kilo 1,000 kwa hekta. Mifugo isile zaidi ya nusu, la sivyo mizizi inachoka na mwaka wa pili unaota mchongoma. Zinabaki kilo 500. Gawa 2,280 kwa 500, unapata hekta 4.6 kwa uniti moja. Uniti 5,200 zinataka hekta 23,920.

Huo ni mwaka mzuri. Mwaka wa mvua chache fremu inaweza kutoa gramu 60. Kilo 300 za kuliwa kwa hekta, hekta 7.6 kwa uniti, na hitaji linapanda hadi karibu hekta 39,500. Vijiji vikiwa na hekta 25,000 za malisho, mwaka mzuri vinashiba na mwaka mbaya vinahama. Mpango wa kweli unaandika waziwazi: mwaka mbaya tunahamia wapi, kwa njia ipi, kwa makubaliano na nani. Mpango usiojibu hivyo unategemea mvua ya Mungu.

Kwa kilimo, chukua kaya zilizopo na uzikuze kwa miaka 10. Sensa ya 2022 ilionyesha nchi inaongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo kaya 900 zinakuwa kama 1,230. Kila kaya ikihitaji hekta 2, tenga hekta 2,460, si 1,800 zinazolimwa leo. Ukizitenga 1,800, hizo 660 zitachukuliwa malishoni kidogo kidogo, na wanaozichukua watakuwa watoto wa wanakamati wenyewe.

Lambo nalo lina hesabu yake. Ng'ombe 3,000 kwa lita 30 kwa siku ni mita za ujazo 90. Kiangazi cha siku 120 ni 10,800. Wengi huishia hapo wakachimba. Jua halijahesabiwa. Ukikadiria maji yanapotea milimita 6 kwa siku, siku 120 ni sentimita 72. Lambo lenye uso wa hekta moja linapoteza mita za ujazo 7,200, kwa hiyo linatakiwa kubeba 18,000. Lenye uso wa nusu hekta linapoteza 3,600, linatakiwa kubeba 14,400, ila liwe na kina cha karibu mita 3. Chimba lenye uso mdogo na kina kirefu, na uongeze nafasi ya tope. Mifugo isiingie majini. Weka birika nje, maji yaende kwa bomba. Lambo ambalo ng'ombe wanaingia hujaa tope mapema sana.

Kugawa matumizi

Kifungu cha 12 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinataka ardhi ya kijiji iwe na sehemu ya jumuiya, sehemu iliyo mikononi mwa watu na familia, na sehemu ya akiba. Ndani ya hiyo ya jumuiya ndimo malisho ya pamoja yanakaa.

Anza kwa kuchora maji, kisha njia za mifugo, kisha malisho ya kiangazi. Mashamba na makazi yaje baadaye. Ukianza na mashamba, njia zitapita mahali palipobaki, na mahali palipobaki ni mawe. Njia ya mifugo ya chini ya mita 50 inaleta kesi kila wiki, kwa sababu kundi la ng'ombe 200 wenye kiu halitembei kwa mstari. Ikaribiapo maji, panua. Kando ya mto au bwawa acha mita 60 bila shughuli za kudumu, kama Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inavyotaka. Huwezi kuahidi mtu bustani hapo.

Josho, mnada, kituo cha kukusanya maziwa na machinjio viwekwe kwenye makutano ya njia, si karibu na nyumba ya diwani. Hapa ndipo mpango wa ardhi unageuka kuwa mpango wa uchumi. Mnada mmoja wa vijiji vitatu wenye maji, zizi la kupakilia na barabara ya kupitisha lori huvuta wanunuzi wa mbali. Minada mitatu midogo huachiwa madalali.

Mkutano mkuu na muhtasari wake

Makubaliano ya pamoja yanapitishwa na mkutano mkuu wa kila kijiji, mmoja mmoja. Kikao kimoja cha vijiji vyote hakitoshi hata kama kilijaa. Tangazo libandikwe mapema kwenye kila kitongoji, na siku ya mnada isitumike.

Muhtasari uwe na tarehe, mahali, akidi, majina na sahihi za waliohudhuria kwa kitongoji na jinsi, ajenda, waliosema na walichosema, waliopinga na sababu, na azimio kwa maneno kamili. "Wajumbe walikubali mpango" si azimio. Azimio linasema: "Mkutano umeridhia eneo la malisho la hekta kadhaa, lenye alama namba 1 hadi 14 kwenye ramani iliyoambatishwa, litumike kwa malisho tu kwa miaka 10." Muhtasari wenye upungufu ndio wakili wa mvamizi huutafuta kwanza.

Soma ramani mbele ya watu kwa kutaja mahali, si rangi. Mwambie mtu: kutoka mbuyu wa fulani hadi korongo, hapalimwi. Hapo ndipo mikono huinuka kwa maswali ya kweli.

Baada ya mikutano mikuu, makubaliano yanasainiwa na wenyeviti na watendaji, yanapita kamati ya maendeleo ya kata, yanafika halmashauri ya wilaya, kisha Tume ya Taifa kwa usajili na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Fuatilia mwenyewe kila dawati. Faili hulala.

Sheria ndogo

Mpango bila sheria ndogo ni nia tu. Kila kijiji kitunge yake, lakini maneno yafanane neno kwa neno; faini ikiwa kubwa huku na ndogo kule, wavunjaji watavuka. Rasimu inatoka halmashauri ya kijiji, inasomwa mkutano mkuu, inapita kata, inaidhinishwa na baraza la madiwani. Mwanasheria wa halmashauri aipitie mwanzoni, hasa kiwango cha faini, maana kikizidi kinachoruhusiwa rasimu yote inarudishwa. Andika nani anakamata, nani anatoza, stakabadhi inatoka wapi na fedha inagawanywaje kati ya vijiji. Faini isiyo na stakabadhi ni ugomvi wa mwaka ujao.

Kalenda ya bajeti

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Vipaumbele vya vijiji vinakusanywa miezi mingi kabla, kwa hiyo mpango ukipitishwa Machi umekosa gari. Lengeni mikutano mikuu ikamilike kabla ya Novemba, ili lambo, josho na mawe ya mpaka viingie kwenye maombi ya kata. Ombi moja la vijiji vitatu, lenye hesabu ya maji kama ile ya juu, husomwa tofauti na maombi matatu yanayosema "tunaomba bwawa".

Hati na masjala

Malisho ya pamoja yapewe hati ya hakimiliki ya kimila ya kikundi. Wafugaji wasajili chama chao, na kila kijiji kitoe hati kwa sehemu iliyo ndani ya mipaka yake. Kijiji kimoja hakiwezi kutoa hati ya ardhi ya jirani. Kwa hiyo malisho ya vijiji vitatu yanakuwa na hati tatu, mwenye hati akiwa chama kimoja.

Uhakiki wa nani ana haki ipi juu ya ardhi hufanywa na kamati yenye watu wasiozidi tisa, wanawake wasipungue wanne. Masjala ya kijiji ni chumba chenye paa lisilovuja, kabati la chuma lenye funguo mbili kwa watu wawili, na daftari lisilochanwa kurasa. Nakala za mihutasari, mkataba na ramani zikae kwa kila kijiji na wilayani. Mchwa hula karatasi haraka kuliko mgogoro unavyokomaa, kwa hiyo miguu ya kabati iinuliwe juu ya matofali.

Kila mwaka masika yakiisha, kamati ya pamoja itembee alama zote, ing'oe mashamba machanga kabla hayajavunwa, na irudie kupiga fremu ya nyasi mahali pale pale. Shamba lililovunwa mara moja tayari lina shahidi, lina kivuli cha haki, na kuliondoa kunataka kesi. Lililopandwa wiki iliyopita linataka barua ya mtendaji na siku saba.